Vidole vya Kupalia Makaa

Mama yangu alipalia wali kwa vidole. Kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko wa sufuria wali unapokaribia kuiva, ili joto liushukie na kutoka juu. Wapishi wengine wa shughuli pale Mabatini walitumia koleo, au kigae, au kipande cha bati. Mama aliinama mafigani, akaokota kaa, akaliweka juu ya mfuniko, akarudi kuokota jingine, bila haraka, kama mtu anayepanga mayai kwenye kapu. Hakupuliza vidole wala hakuvifuta kwenye kanga. Wanawake walipiga vigelegele, na kama harusi ilikuwa na wageni wa mbali, waliitwa waje uani kuona.

Ilisemekana ni mkono wa urithi. Bibi yake, aliyekuja Mwanza zamani sana kutoka Ujiji kwa miguu, eti naye alishika moto. Hakuna aliyebaki hai aliyemwona huyo bibi akishika moto, lakini jambo hilo halikumsumbua mtu. Halikunisumbua mimi pia. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama nikiwa na miaka ishirini na mitatu, baba alikwisha kufa, na kile kipaji ndicho kitu pekee cha nyumba yetu kilichotajwa na watu kwa heshima. Kwenye harusi moja ni mimi niliyekwenda kumshika mkono mama wa bwana harusi aje atazame. Naandika hili mwanzoni kwa sababu wapo wanaonisifu kwamba niligundua mapema. Niliona mapema. Kugundua kulichukua miaka.

Nilichoona kwanza ni baka kwenye mkono wake wa kulia, upande wa nje, chini kidogo ya kiwiko. Lilikuwa na upana wa kisahani cha kikombe, limefifia kuliko ngozi yake nyingine, tena kavu. Siku za joto kabla ya mvua, ziwa limetulia na mabati yanawaka, mama alilowa jasho usoni, shingoni na mikononi kote isipokuwa pale. Vumbi la mkaa liliganda kwenye jasho mkono mzima likaliacha lile baka safi. Vinyweleo havikuota pale. Nikamwambia ni choa, nikamletea dawa ya choa kutoka dukani, akapaka mpaka kopo likaisha. Choa huwasha. Hili halikuwasha hata siku moja, na hatukujiuliza kwa nini.

Kisha ikaja ganzi. Alisema kidole cha mwisho na jirani yake vimelala, kama vya mtu aliyelalia mkono, ila havikuamka. Mara nyingine alisema sisimizi wanatembea kutoka kiwikoni kwenda kidoleni. Tulitazama, hapakuwa na sisimizi. Vile vidole viwili vikaanza kujikunja kidogo kidogo, na alipokuwa akinawa maji yalimpitia kwenye kiganja yakamwagika.

Baadaye yakaja mawe kwenye wali. Mama alikuwa mtu wa kuchambua mchele mpaka ungedhani umeoshwa na malaika. Sasa watu walianza kutafuna kokoto. Alikuwepo jirani yetu, muuza mkaa, mwanamke wa Kisukuma aliyetoka Kisesa, shoga yake wa miaka mingi. Yeye hakuwa na ulimi wa kufunika kitu.

"Shoga, leo umetupikia wali au kokoto?"

"Mlaumu mwenye duka. Siku hizi anapima mchele pamoja na barabara yake."

"Mwenye duka ni yule yule."

"Basi yalaumu meno yako."

Tukacheka. Kesho yake nilimtazama akichambua. Alikuwa hashiki tena punje kwa ncha za vidole, anausukuma mchele kwenye ungo kwa ubavu wa kiganja, na jiwe akiliona analifukuza kama mtu anayefukuza kuku, linarudi. Nikamnyang'anya ungo. Akaninunia hadi adhuhuri.

Mwaka huo huo alirudi kutoka sokoni amevaa ndala mguu mmoja. Nyingine ilikuwa imemvuka njiani na hakujua. Nilirudi njia nzima nikiitafuta huku nikimlaani aliyetengeneza ndala.

Aliyetuambia ukweli alikuwa dresa wa zahanati, mfunga vidonda, Mhaya, Mlutheri mpole, aliyepanga chumba karibu na nyumba ya harusi moja na akaalikwa kama jirani. Nilikuwa nikigawa sahani nikamwona amesimama kwenye mlango wa uani, amelisahau tonge mkononi, anamtazama mama akipalia. Wengine wote walikuwa wanashangilia. Yeye akaniita pembeni.

"Dada, samahani. Yule mama ni ndugu yako?"

"Ni mama yangu."

"Ana muda gani anashika moto namna ile?"

"Ni mkono wa urithi," nikamwambia, na nilimwambia kwa majivuno.

Akaitazama sahani yake. "Vile vidole viwili vya mwisho, anaweza kuvinyoosha?"

Nikamwambia kama pilau haijamtosha aseme aongezewe. Hakukasirika. Alisema amewahi kufanya kazi miaka kadhaa kwenye makazi ya wagonjwa, na mtu asiyesikia moto hana kipaji, ana ugonjwa. "Mlete zahanati. Usingoje vidonda."

Nilikaa na maneno hayo siku tatu kabla ya kumwambia mama. Alikuwa na shoga yake barazani.

"Mtu wa watu amekula pilau yangu sahani mbili," mama akasema, "halafu ananitunuku ugonjwa."

"Labda anamtaka huyu binti yako," shoga yake akasema, "anaanza kwa kumtisha mkwe."

Wakacheka mpaka wakafutana machozi. Mimi nikaingia ndani. Ningeweza kusimama pale nikasema, mama, naomba unyooshe vidole. Ni jambo la dakika moja. Sikulisema, kwa sababu nilijua havitanyooka, na nikijua mbele ya mtu mwingine nitalazimika kufanya kitu.

Tuliishi hivyo miezi. Kisha siku moja mchana tulikuwa jikoni watu watatu, maharage yamo motoni, mama amekaa kwenye kigoda anamsimulia shoga yake ugomvi wa mtaa wa pili, mkono wake wa kulia ameuegemeza kwenye ukingo wa jiko la mkaa. Akakatisha hadithi akanigeukia kwa ukali.

"Unaunguza nyama, wewe."

"Mama, leo hatujapika nyama."

"Nanusa nyama inaungua. Funua sufuria."

Nikafunua. Maharage. Shoga yake ndiye aliyeona kwanza. Alisimama, akamshika mama begani akamvuta nyuma. Ngozi ya mkono ilibaki kwenye ukingo wa jiko. Mama alitutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetaka kujua tuna habari gani.

Zahanati, dresa hakutukumbusha kwamba alishatuambia. Alikifunga kidonda, kisha akakishika kiwiko cha mama na kupapasa nyuma yake, akanishika mkono wangu akanielekeza nipapase pia. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kama kamba ya kiatu, kigumu, kinateleza. Akaniambia nitafute cha kwangu. Nikakipata kwa shida, chembamba. "Huo ni mshipa wa fahamu," akasema. "Wa mama umevimba."

Alikuwa na unyoya wa kuku na pini. Akamwambia mama afumbe macho, na kila akiguswa aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Mama alionyesha kila mahali bila kukosea, hata kwenye baka. Dresa akasita.

"Mama, unachungulia."

"Sichungulii. Ni macho yangu makubwa."

Akachukua upande wa kanga ya mama mwenyewe akamfunika uso. Akaanza upya. Aligusa shavu, mama akaonyesha shavu. Akagusa bega, akaonyesha bega. Kisha akagusa baka kwa unyoya mara kadhaa, akagusa kidole cha mwisho, akagusa ubavu wa kiganja. Mama ametulia. Dresa akashika pini. Nikaona tone la damu likitoka kwenye kidole, dogo kama punje ya mtama, kisha jingine.

"Mbona huanzi?" mama akauliza chini ya kanga.

Nilitoka nje. Kulikuwa na watu kwenye benchi wananitazama, nikajifanya natafuta maji ya kunywa.

Niliporudi dresa alikuwa amekwisha kulitaja lile neno, na mama alikuwa anabishana naye. "Ukoma ni wa watu waliodondoka vidole. Vyangu viko kumi, hesabu."

"Havidondoki vyenyewe, mama. Ugonjwa unaua mishipa ya fahamu tu. Kidole kisichosikia moto kinaachwa motoni, na kidonda kisichouma hakitunzwi. Anayevimaliza vidole ni mwenyewe, kidogo kidogo, na hajui."

Alituambia kuna vidonge, vitaukomesha ugonjwa, na akivimeza bila kuruka hatamwambukiza mtu. Hakuna haja ya kumtenga, hakuna haja ya kumhamisha. Ila vilivyokufa havitafufuka. Asishike moto. Ashike sufuria kwa kitambaa. Kila siku atazame mikono na nyayo zake kwa macho, kwa sababu sasa macho ndiyo yatakayompa habari ambazo ngozi haimpi.

Mama alisikia nusu ya kwanza. Vidonge alivimeza kwa miaka bila kuruka hata kimoja, kwa uaminifu ambao ungemshinda mtoto wa shule. Kitambaa hakukishika. Nilichoka kununua vitambaa, kuvishona, kuvitundika kwenye msumari karibu na jiko. Nilivikuta vimekunjwa chini ya godoro. Ilinichukua muda kuelewa. Vidonge havikuonekana na mtu. Kitambaa kilionekana.

Alinikataza nisimwambie mtu yeyote. Shoga yake aliambiwa kwamba ni damu nzito, akaitikia, nadhani hakuamini, lakini hakuuliza tena. Kwenye shughuli mama alisema moshi unamwumiza macho, akakaa pembeni akionja chumvi na kutoa amri, na mimi nikapalia kwa koleo. Kila mara alikuwepo wa kusema, "Mtoto wa nyoka leo katoka mjusi." Mama alisikia. Alikuwa na uwezo wa kuwajibu, na alinyamaza.

Nyumbani, kila siku baada ya sala ya alasiri, nilimkagua. Alinipa mikono huku anatazama upande wa barabara, kama mtu anayepekuliwa na askari.

"Hapa pana nini?"

"Sijui."

"Umeungua."

"Ningeungua ningejua."

Maneno hayo niliyasikia miaka mitano. Ningeungua ningejua. Ningejikata ningejua. Nilimpigia kelele. Nilimwambia kwamba ndiyo maana ya ugonjwa wenyewe, kwamba hawezi kujua, kwamba hata Mhaya wa watu alimtoboa kwa pini akauliza mbona haanzi. Alinijibu kwamba sauti yangu inafika msikitini. Siku nyingine nilimwonyesha lengelenge kubwa kama jicho la ng'ombe, akalitazama kwa makini, akasema, "Hilo si la leo," kana kwamba hilo linalifuta. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda, na sijawahi kuchoshwa na mtu hivyo.

Ukaja uhuru. Mtaa wetu ulichangishana mchele, nyama na viungo, tukapika mchana uwanjani, masufuria makubwa kwa safu, watoto wa shule wanaimba, vijana wamepanda kwenye malori ya pamba wanapita barabarani wakipunga matawi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kuni zilitutoa machozi. Wali ulipokaribia kuiva, nikashika koleo. Hapo mwenyekiti wa kina mama wa mtaa, mwanamke mnene mchangamfu, akapiga makofi akitaka kusikilizwa.

"Leo tumejitawala. Koleo tumelichoka. Tunataka mkono wa Ujiji."

Wakaitikia wote. Mkono wa Ujiji, mkono wa Ujiji. Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Alinitazama.

Neno moja lingetosha. Nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Ningelisema, pilau yote ile ingemwagwa chini mbele ya watoto, na asingetokea tena mtu wa kubisha hodi kwetu. Nilikuwa nimeshika koleo na mdomo wangu ulikuwa mzima. Sikulisema. Nilijiambia ni siku yake pia.

Alikunja mkono wa gauni akainama. Alipalia sufuria ya kwanza, akapalia ya pili, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa zamani, wa kabla ya yote. Kwenye ya tatu kaa moja likanasa kati ya vile vidole viwili vilivyojikunja na kiganja. Hakulihisi. Alisimama wima akiwatazama wanawake, anatabasamu, vigelegele vimepamba moto, na kaa limo ndani ya mkono wake kama kitu alichokwenda kukinunua. Nilimpiga mkononi kwa koleo likaanguka. Watu walinigunia. Mmoja akasema, "Wivu."

Mama aliuingiza mkono chini ya kanga hapo hapo. Jioni nilitaka kuutazama, akasema amejifunga hina kwa ajili ya sikukuu, nisimharibie. Na kweli alikuwa ameufunga kwa kitambaa chekundu. Hina haifungwi siku tatu, hilo nalijua vizuri kama mwanamke yeyote. Lakini nilikuwa nimemnunia. Nilikuwa nimenunia lile neno wivu, na tabasamu lake, na vitambaa vyangu chini ya godoro. Nikasema moyoni, kama hataki kukaguliwa asikaguliwe. Siku tatu sikumshika mkono.

Siku ya nne alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Nilifungua kitambaa. Sitaeleza. Mkono ulikuwa umevimba hadi kwapani na mstari mwekundu umepanda juu. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Haukuniuma," akasema. Alionekana kushangaa kweli.

Dresa alimpiga sindano ya kwanza mwenyewe akatupeleka hospitali. Walimkata vidole vitatu, kisha wakasema wangekata juu zaidi, kisha hawakusema kitu. Alikaa siku tano. Siku ya mwisho aliniuliza kama kitambaa cha hina nimekifua.

Msiba ulijaa. Wanawake aliowapikia walikuja wote, wakalia kwa haki, wakakaa kwenye mikeka uani kwetu wakimtaja mkono wake. Nilikuwa nikipitisha maji. Mwenyekiti wa kina mama alinishika kanga akanivuta nikae karibu naye.

"Mwanangu, shukuru. Mola amemhurumia. Hakuumia. Nilikwenda kumwona, nikamuuliza, mama unasikia maumivu? Akaniambia sisikii kitu. Wangapi wanapata mwisho kama huo?"

"Alhamdulillahi," wengine wakaitikia. "Hakuumia hata kidogo."

Niliweka birika chini. Nikawaambia kwamba alikuwa na ukoma. Nikawaambia kwamba alikuwa amemeza dawa miaka mitano na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa hatarini, na kwamba huko kutoumia ndiko walikokuwa wanakushangilia kwenye harusi zao, na ndiko kulikomuua. Sikupaza sauti. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuzungumza habari hiyo bila kupiga kelele.

Mmoja alikitazama kikombe alichoshika, akakiweka mkekani, akakisogeza mbali kwa kidole. Wawili au watatu wakakumbuka kwamba wana watoto nyumbani. Mwenyekiti aliachia kanga yangu, akaupangusa mkono wake kwenye gauni, polepole ili nisione.

Muuza mkaa hakuondoka. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, macho mekundu.

"Mimi ile nyama niliinusa," akasema. "Nikanyamaza kwa sababu wewe mwenye mama ulinyamaza." Akavuta pumzi. "Sasa yale makaa ya uhuru, ulikuwa umesimama pale na koleo. Mbona hukutuambia siku ile?"

Wengine waligeuka kunisikiliza. Lilikuwa swali la haki, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuliuliza. Nikamwambia niliona aibu. Akatikisa kichwa, akajisogeza kidogo ukutani, akanionyesha nafasi kando yake, nikakaa.